Kutoka bucha mpaka Ruaha, siku tano za kumpima simba na dubu

Siku ya kwanza, Dodoma mpaka Mtera

Nianze na chanzo cha safari, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini muuza nyama wa Majengo afunge bucha siku tano katikati ya mwezi wa tisa. Nje ya bucha yangu kuna benchi, wateja wanakaa wakisubiri nikate, na wiki mbili zilizopita kijana mmoja akafungua vidio kwenye simu, dubu wa Alaska anaburuta mzoga mkubwa kuliko ng'ombe, anaupandisha mlima kinyumenyume bila hata kupumzika. Benchi zima likawaka. Hawa wanasema simba ndo mfalme na dubu asijaribu, wale wanasema simba anakula kofi moja tu habari imeisha. Mpwa wangu yuko kidato cha pili, likizo huwa anashinda na mimi dukani, akanigeukia mbele ya watu wote, "Anko, we ndo unajua kilo, sema wewe."

Na kilo kweli nazijua. Miaka 19 nipo kwenye nyama, pale mnada wa Msalato nikisimama mbele ya dume la ng'ombe nakutajia uzito kabla halijapanda mizani na sikosei sana. Mambo ya dubu nayasoma usiku nikishafunga, nayapenda toka moyoni, kwaiyo namba nilikuwa nazo. Nikawaambia, dume zuri la Kigogo likifika kilo 300 likiwa hai watu mnadani wanageuka kulitazama. Simba dume ni kilo 190 hivi, mkubwa sana ndo anagusa 250. Sasa dubu wa kahawia wa visiwa vya Kodiak kule Alaska, dume mkubwa anafika kilo 680. Madume mawili ya Msalato na juu yake unaongezea ndama. Akisimama kwa miguu ya nyuma kichwa kinafika mita tatu.

Benchi likatulia, alafu mzee mmoja akaniuliza taratibu kabisa, "Na wewe mwanangu, simba umemuona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Dodoma, hifadhi ya Ruaha ipo hapo chini tu ukipita Mtera, na simba hai sijawahi kumuona. Nikamwambia dogo ajiandae.

Basi tumetoka stendi ya Nanenane asubuhi, tumepita Mpunguzi, Mlowa, Manzase, Fufu, mibuyu imesimama mitupu haina jani, mbuzi wanatafuta kivuli. Saa sita tupo Mtera. Nina jamaa yangu hapa tunabadilishana biashara, mi nyama yeye perege na kambale, ndo katupokea.

Jioni akatupeleka ukingoni mwa bwawa akatuonyesha mamba kwenye mchanga ng'ambo, amelala kinywa wazi. Dogo akauliza huyu na dubu je, na hapo ikabidi nifikirie vizuri maana mamba ni mzigo mwingine. Mamba wetu mkubwa anazidi kilo 500 na urefu wa mita tano, kwaiyo kwenye mizani anakaa na dubu meza moja. Ila kung'ata hawafanani hata kidogo. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walitoa vipimo vya taya za mamba wa kila aina duniani, yule wa maji chumvi akapita niutoni 16,000, yaani kama umewekewa juu ya mfupa wako uzito wa kilo 1,600 na zaidi. Dubu hafiki huko wala hahitaji, magego yake ya nyuma ni mapana kama ya mtu, ya kusaga majani na matunda pamoja na nyama. Jamaa yangu akasema na mamba nae nguvu yake yote ipo kwenye kufunga mdomo, kuufungua hana kitu, ukiwahi kuukamata ukaufunga kamba umemmaliza. Ni kweli, hata mi nimesoma hivyo. Mamba ni bwana wa ukingo wa maji tu, hatua ishirini ukitoka majini hana ubavu wa kukimbizana na mtu yeyote. Dubu anaogelea, anachimba, akiwa mdogo anapanda mti, na akikimbia anafika kilomita 50 kwa saa na zaidi, na huo mwili wote.

Tumelala na harufu ya samaki wa kukaushwa, dogo bado anauliza maswali gizani.

Siku ya pili, Mtera mpaka Tungamalenga

Leo ni safari tu. Migoli, Izazi, kupanda mlima Nyang'oro, Iringa tukanywa chai tukahamia basi la kuelekea hifadhini, vumbi mpaka kwenye kope.

Kitu kimoja niandike. Kabla ya Izazi basi lilisimama kupisha ng'ombe, dume moja lina nundu nzuri imelala pembeni, na dogo akasema si hata dubu ana nundu. Nikafurahi kwamba ameiona mwenyewe. Nundu ya ng'ombe wetu kila mtu wa Dodoma anaijua, nyama imechanganyika na mafuta, ukiichoma inalia. Nundu ya dubu wa kahawia ni msuli mtupu, umekaa juu ya mabega na kazi yake ni kuendesha mikono ya mbele. Ule ndo mtambo wake wa kuchimba. Anafukua mizizi, anafukua panya wa kule wanaoishi mashimoni, anapindua mawe ambayo watu wawili mtahangaika nayo, na kucha za mbele zinafika sentimita kumi. Kwaiyo lile kofi watu wanaloliongelea benchini halikutengenezwa kwa ajili ya ugomvi, limetokana na jembe. Mwili uliolima kila siku toka utotoni ndo huohuo unapiga.

Tungamalenga tumefika jua linazama, mama mwenye gesti akatupokea na kamwene yake, salamu ya Kihehe, ugali na mboga za majani, tumelala kama magogo.

Siku ya tatu, ndani ya hifadhi

Hii siku nitaiandika ndefu mnivumilie.

Tumechangia Land Cruiser na familia moja kutoka Mbeya, dereva ni mzee wa hukuhuku ambaye anaijua Ruaha kama mi ninavyolijua paja la ng'ombe. Dogo akamwamkia shikamoo babu, mzee akamuweka kiti cha mbele na toka hapo hawakuachana.

Saa moja asubuhi mzee kasimamisha gari akatuonyesha chini kwenye vumbi. Nyayo. Hii ya simba, duara kubwa, vidole vinne, hakuna alama ya kucha maana simba kucha zake anazificha zisichakae. Hii pembeni ya fisi, kucha zimechora. Nikamwambia dogo dubu angepita hapa ungeona vidole vitano na kucha zimechora mbali kabisa mbele ya vidole, na mguu wa nyuma una kisigino kama mtu aliyetembea peku, maana dubu anakanyaga kwa wayo mzima. Ndo maana anaweza kusimama wima. Na ndo maana hawezi kunyata kama simba. Mzee akanitazama kwenye kioo akasema, "Wewe ndugu yangu wa Dodoma una mambo."

Tukawakuta kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi saa tatu kasoro. Simba kumi na wanne juu ya nyati.

Nimeona nyama maisha yangu yote lakini mikono ilinitetemeka. Kwanza sauti, sikutegemea ile sauti ya mifupa na ngozi inavyochanika, alafu kimya chao, wanakula bila kelele mpaka mmoja amguse mwenzake. Nyati alikuwa dume, nilimkadiria kilo 650 na mzee akasema hapo hapo. Majike ndo walioua, mzee alisema wamemuangusha alfajiri, na jike mmoja alikuwa amekaa pembeni mguu wa nyuma hauweki chini, pembe imempata kwenye paja. Analamba kidonda, anatazama wenzake, analamba. Nikawaza huyu akishindwa kupona wiki mbili hizi itakuwaje. Dogo nae alimuona huyohuyo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama atakufa, nikamwambia wenzake bado wapo hapa, atakula kilichobaki.

Sasa sikilizeni kilichonileta kwenye jambo lenyewe. Baada ya nusu saa dume likatoka kichakani, manyoya meusi kifuani, tumbo limeingia ndani. Halikuwepo kwenye uwindaji, mzee alisema mara nyingi kwa nyati madume nao wanasaidia lakini hili limefika baadae. Likatembea moja kwa moja mpaka kwenye mzoga, halikunguruma kwa nguvu wala halikupiga mtu. Majike yaliyoua yakapisha. Jike hapo lina kilo 120 au 130, dume lina 190 kama sio 200, na hizo kilo 60 za ziada ndo zimekula kwanza.

Pale ndo nikamuelewa dubu. Kule Yellowstone, Marekani, mbwa mwitu wa kizungu walirudishwa mwaka 1995 baada ya kuisha miaka mingi, na kilichofuata ni kwamba wao wanaua kulungu wakubwa kwa umoja wao, alafu dubu mmoja anafuata harufu anafika anaukalia mzoga. Mbwa mwitu wale wana kilo 40, 50, wanamzunguka, wanamuuma makalio, yeye anageuka anakaa tena. Mara nyingi ndo anashinda. Na dubu wa Yellowstone sio wale wa Kodiak, dume lake ni kilo 200 au pungufu, analingana na simba tu. Nguvu kubwa ya dubu kwa wanyama wengine wala haimwagi damu. Ni kufika na kukaa, na wote wanaomtazama wameshapiga hesabu vichwani mwao.

Na kuua je? Hapa nitasema ukweli japo namshabikia dubu. Kuua mnyama mkubwa mwenye afya simba anamzidi dubu mbali sana. Dubu nyama yake nyingi ni samaki, watoto wa kulungu walio na siku chache, na mizoga iliyokufa na baridi. Mara moja moja anaangusha mnyama mzima mkubwa, lakini sio kazi yake ya kila wiki. Simba ndo kazi yake hii, asipoua hana majani ya kula.

Fisi sita walifika saa nne, wakasimama mbali. Fisi ana kilo 60 hivi, taya zake zinavunja mfupa wa paja ambao mi nauvunja kwa shoka. Hawakusogea. Mzee akasema wangekuwa ishirini na lile dume lisingekuwepo, wangewatoa majike wale kwenye nyama, ameona kwa macho yake. Kwaiyo na wao mizani yao ipo, ila wanajipima kwa kujumlisha.

Chui tulimuona dakika moja tu juu ya mti, mwembamba mzuri, kilo 50 labda. Mbwa mwitu wetu hatukubahatika.

Siku ya nne, mtoni

Mto Ruaha Mkuu siku hizi unakauka kiangazi, ulianza mwaka 1993 kwa sababu maji yanachukuliwa mengi kule juu Usangu, na leo nimeuona mwenyewe, vidimbwi vimeachana, viboko wamebanana kwenye tope hakuna hata pa kugeuka na mamba wamelala pembeni yao. Inauma kuangalia. Lakini kwa simba huu ndo msimu wa neema, kila kitu chenye kwato lazima kije kunywa na yeye anakaa anasubiri.

Nikamwambia dogo wiki hiihii, leo tunavyoongea, kule Alaska dubu nao wapo mtoni. Samaki wanaoitwa salmoni wanapanda kutoka baharini kwenda kutaga, na dubu wanakula mpaka kilo 40 za chakula kwa siku. Nimewahi kulikata paja zima la nyuma la ng'ombe la kilo 40, ni kazi ya mtu mzima kulibeba, sasa fikiria tumbo moja, siku moja, na kesho tena. Kwenye mto Brooks, hifadhi ya Katmai, kuna dume analotambulika kwa namba tu, 747, mwaka 2019 walimpima kwa mwanga wa leza akakadiriwa kilo 630 na zaidi, tumbo linakaribia kugusa chini. Yule mafuta yote ni ya safari ya kulala. Anaingia shimoni miezi mitano hata zaidi, hali, hanywi, hajisaidii, anatoka amepoteza hata theluthi ya uzito. Na jike ndo anazalia humohumo, katikati ya baridi, mtoto hafiki nusu kilo. Nusu kilo! Ile nyama ya mboga ya familia ndogo ndo inakuja kuwa kilo 600. Sisi Wagogo tunajua kuweka akiba ya njaa ghalani, dubu ghala lake ni mwili wenyewe.

Kwaiyo ukubwa wake ni wa samaki. Dubu huyohuyo wa kahawia akizaliwa ndani ya bara mbali na salmoni anaishia kilo 200, 250. Watu wanaobishana benchini wangeanza na swali la dubu wa wapi.

Mchana tulisimama kula chini ya mkwaju na mzee dereva akanipa hoja nzito. Akasema, "Ndugu yangu, jana umeona nyati wa kilo 650 chini. Huyo dubu wako ana kilo hizohizo. Simba wangu watashindwa nini?"

Nikakaa nayo muda mrefu. Nikamjibu hivi, mzee, nyati silaha yake ipo mbele tu, simba anapanda mgongoni, anashika pua, wenzake wanashika nyuma. Dubu ana mikono, anageuka palepale aliposimama, ana meno, ana ngozi iliyolegea na manyoya mazito na mafuta chini yake. Kumshika mgongoni ni kazi nyingine. Simba kumi na wanne dhidi ya dubu mmoja sina ubishi, dubu anakufa au anakimbia. Simba mmoja mbele ya dubu mkubwa wa pwani, namuona simba akiondoka.

Alafu nikamuongezea la chui milia maana pale ndo kuna ushahidi wa kweli, paka mkubwa na dubu wa kahawia wanaishi msitu mmoja huko mashariki ya mbali ya Urusi. Na habari zake zinakata pande zote. Chui milia wanaua dubu na kuwala, mara nyingi wadogo na majike, kwa kuvizia na kung'ata shingo. Na madume makubwa ya dubu yanafuata nyayo za chui milia kwenye theluji na kuwapora walichoua. Kwaiyo paka akichagua saa na mahali anashinda, wakikutana wazi juu ya chakula mzito ndo anabaki. Mzee akatingisha kichwa akasema hapo sawa, hapo tumeelewana.

Lakini kuna habari nyingine ndo inanisumbua mpaka leo na nilimwambia dogo wakati tunarudi gesti. Dubu mweupe wa barafu ndo mzito kuliko wote, dume anafika kilo 600, 700. Pwani ya kaskazini ya Alaska, kijiji cha Kaktovik, watu wakishachinja nyangumi mabaki yanaachwa ufukweni, wanakuja dubu weupe na dubu wa kahawia wa kule kaskazini ambao ni wadogo. Na watafiti wamekaa wakatazama, wa kahawia ndo anamfukuza mweupe. Mwepesi anamfukuza mzito! Wa barafu anaona ugomvi ni hasara ya mafuta anapisha, wa kahawia amezoea kugombania kila tonge anaingia kichwa chini. Mi mtu wa mizani nimesoma hilo mara tatu. Dogo akasema, "Kwaiyo anko kilo sio kila kitu." Nikamwambia kilo ni kile mwenzako anachokiona kwanza, baada ya hapo kuna roho.

Usiku akauliza kwa nini sisi hatuna dubu. Nikamwambia Afrika walikuwepo. Kwenye milima ya Atlas, Moroko na Algeria, dubu wa kahawia waliishi nchi moja na simba, Warumi waliwakamata kwa ajili ya viwanja vyao vya michezo ya damu, na wa mwisho waliisha miaka ya 1800 inaelekea mwishoni. Simba wa kule nae akafuata karne iliyopita. Bunduki zilipofika wote wawili walikuwa na uzito uleule.

Hakujibu. Nje simba alinguruma mbali sana, ng'ambo ya mto, ile ya kutoka tumboni, na ukuta wa gesti niliuweka mkono nikahisi kama unatikisika.

Siku ya tano, kurudi

Iringa, Nyang'oro, Mtera tukabeba perege, Dodoma saa kumi na moja jioni.

Dada yangu alikuwa uani anapepeta mtama. Mbukwenyi, karibuni, mmeniletea nini, na dogo hata begi hajaweka chini ameshaingia ndani kuchukua futi ya fundi. Akapanda kwenye mwarobaini, mi nikashika chini, tukapima mita tatu kamili akafunga kitambaa chekundu. Alafu akapima mita moja na ishirini akachora na chaki kwenye shina, bega la simba. Na juu yake kidogo, mita moja na nusu, bega la dubu akiwa amesimama kwa miguu minne.

Dada akaacha ungo akaja akasimama chini ya kile kitambaa, akainua shingo. Akaniuliza hicho kitu kweli kinatembea juu ya ardhi. Nikamwambia kinatembea, na mwezi ujao kitaanza kutafuta pa kulala.

Kesho nafungua bucha saa kumi na mbili. Yule mzee wa benchi nimemtumia ujumbe aje, nyama ya supu nimemuwekea.